Kuunganisha kurasa za kumbukumbu kwa mchakato mmoja mmoja: dalili, visababishi na tiba

Msimu wa watalii unapopamba moto Arusha, simu za aina moja huanza kumiminika. Ofisi ya safari ina seva moja ya mtumba yenye RAM ya GB 32, na ndani yake zimebanwa mashine pepe (kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta halisi) tano: ya uhasibu, ya booking, ya faili, na mbili ambazo hakuna anayekumbuka kazi yake. Aliyeisimika aliwasha KSM (Kernel Samepage Merging, yaani kuunganisha kurasa za kumbukumbu zinazofanana) ili zote zitoshe. Miezi inapita salama, halafu asubuhi moja unasikia: "Fundi, shikamoo. Mashine ya uhasibu imejizima yenyewe na RAM inasoma imejaa." Moshi nako ni hivyo hivyo, ila huko wanaopiga mara nyingi ni wenye mashule na zahanati.

KSM ni kazi ya kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, iliyoingia kwenye toleo la 2.6.32, Desemba 2009. Uzi wa kerneli uitwao ksmd unapita kwenye kurasa za kumbukumbu, kila ukurasa KiB 4 kwenye kompyuta nyingi tulizonazo, ukitafuta zenye maudhui sawa kabisa. Ukizipata unabakiza nakala moja isiyoandikika, na wote waliokuwa na nakala zao wanaelekezwa pale. Mmoja akitaka kuandika, kerneli inamtengenezea nakala yake kwanza.

Jambo ambalo wengi hulipita ni kwamba ksmd haigusi ukurasa ambao mwenyewe hajaruhusu. Ruhusa hutolewa kwa njia mbili. Programu yenyewe inaweza kutaja eneo la kumbukumbu kwa wito wa `madvise` na alama ya `MADV_MERGEABLE`. QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, hufanya hivyo bila kuombwa. Au, tangu kerneli 6.4 ya mwaka 2023, mchakato mzima unaweza kuruhusiwa kwa mkupuo mmoja kwa `prctl` na `PR_SET_MEMORY_MERGE`. Hiyo njia ya pili ndiyo iliyotupa uwezo wa kuchagua: huyu aunganishwe, yule aachwe. Msimamo wangu ni kwamba uwezo huo utumike kila mara. Kuiruhusu michakato yote kwa pamoja na kuisahau ndiko kunakoleta zaidi ya nusu ya matatizo yaliyo hapa chini.

Kabla ya kugusa chochote, chukua hali ilivyo na uihifadhi kwenye faili:

```
uname -r
systemctl --version | head -1
grep . /sys/kernel/mm/ksm/*
free -m
```

Kusoma hakuharibu kitu. Angalia namba nne. `pages_shared` ni nakala zilizobakizwa. `pages_sharing` ni sehemu ngapi zaidi zinaegemea nakala hizo, yaani kiasi ulichookoa. `pages_unshared` ni kurasa zisizo na pacha ambazo ksmd inaendelea kuzikagua bure. `pages_volatile` ni zile zinazobadilika haraka mno kiasi kwamba hakuna cha kuunganisha. Kwa mchakato mmoja, soma `/proc/PID/ksm_stat`, ukiweka namba ya mchakato badala ya PID.

## Dalili: imewashwa, lakini pages_sharing imeganda kwenye sifuri

Hii ndiyo inayoulizwa kuliko zote.

Kwanza, hakikisha imewashwa kweli. `cat /sys/kernel/mm/ksm/run` lazima itoe 1. Ikitoa 0, ksmd imelala. Wengi huandika `sudo echo 1 > /sys/kernel/mm/ksm/run`, wanakataliwa ruhusa, hawausomi ujumbe, wanaendelea na shughuli nyingine. Ile `sudo` inaishia kwenye `echo`. Mshale unaandika kwa haki zako za kawaida. Tumia hii:

```
echo 1 | sudo tee /sys/kernel/mm/ksm/run
```

Kama run ni 1 na bado ni sifuri, kisababishi kinachofuata kwa wingi ni kwamba hakuna mchakato ulioruhusu. Kwenye seva isiyo na mashine pepe hii ndiyo hali ya kawaida. Kuandika 1 kunamwamsha mkaguzi tu, hakumpi ruhusa ya kuingia kwa mtu. Pima hivi:

```
sudo grep VmFlags /proc/PID/smaps | grep -cw mg
```

Ikirudisha 0, mchakato huo hauna hata eneo moja lililoruhusiwa. Nenda kwenye dalili inayofuata.

Tatu ni haraka ya mtumiaji. Kwa mipangilio ya kawaida ksmd hukagua kurasa 100 kisha hulala milisekunde 20. Piga hesabu: kurasa 5,000 kwa sekunde ukiwa na bahati, kama MiB 20. GiB 16 za kumbukumbu ni kurasa 4,194,304, kwa hiyo mzunguko mmoja ni karibu dakika 14. Na ukurasa hauunganishwi na pacha mpya mpaka uonekane haujabadilika tangu mzunguko uliopita. Tazama `full_scans`, idadi ya mizunguko iliyokamilika: kama bado ni 0 au 1, subiri, katembee.

Kwenye Proxmox, mfumo wa kusimamia mashine pepe, kuna la ziada. Huduma ya `ksmtuned` ndiyo inayowasha na kuzima `run`, na kwa kawaida haianzi mpaka kumbukumbu huru ishuke chini ya asilimia 20. Seva yenye nafasi tele itaonyesha sifuri, na hiyo si hitilafu.

Hayo yote yakiwa sawa, huenda kumbukumbu yako si ya aina inayounganishwa. KSM hushughulikia kurasa binafsi zisizo na faili nyuma yake. Akiba ya faili haimo. Kumbukumbu inayotumiwa kwa pamoja na michakato haimo, na hapa ndipo PostgreSQL inapowachanganya watu: zile `shared_buffers` zake ni eneo la pamoja tayari, kwa hiyo hata uruhusu vipi hazitaguswa. Kurasa kubwa za hugetlbfs nazo hazimo. Ukimpa mteja mashine pepe iliyoegemea hugetlbfs, umeshaiondoa kwenye KSM bila kujua.

## Dalili: nimeandika MemoryKSM kwenye huduma, hakuna kinachotokea

systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma kwenye Linux, ilipata mpangilio wa `MemoryKSM=` kwenye toleo la 254, la 2023. Matumizi yake ni mepesi:

```
sudo systemctl edit booking.service

[Service]
MemoryKSM=yes
```

Kisha `sudo systemctl restart booking.service`. Kuandika bila kuanzisha upya huduma hakugusi mchakato unaokimbia.

Kama haifanyi kazi, kisababishi karibu mara zote ni matoleo. Ninazokutana nazo Arusha ni hizi. Ubuntu 22.04 ina kerneli 5.15 na systemd 249: zote mbili ni za zamani mno. Debian 12 ina kerneli 6.1 na systemd 252: vivyo hivyo. Ubuntu 24.04 ina kerneli 6.8 na systemd 255, na Debian 13 ina 6.12 na 257: hizi ziko vizuri. Proxmox 8 inatatiza kidogo, kwa sababu kerneli yake imepanda hadi 6.8 huku systemd ikibaki ile 252 ya Debian 12. Kerneli inaweza, systemd haijui. Ukisoma `journalctl -u` kwa jina la huduma utaona onyo kwamba `MemoryKSM` haitambuliki na imepuuzwa. Huduma itawaka kama kawaida, ndiyo maana wengi hudhani imekubali.

Kuna mtego mwingine kwa kerneli 6.4 hadi 6.6. Ruhusa ya `prctl` ilirithiwa na mtoto wakati wa `fork` (mchakato kuzaa mwingine), lakini mtoto akiita `exec` (kuanza kuendesha programu nyingine) mara moja ilifutika. Na hivyo ndivyo huduma zote zinavyoanzishwa. Marekebisho yaliingia 6.7. Kwa hiyo ukiwa na 6.5 usipoteze jioni yako: panda kerneli, au programu yenyewe iombe ruhusa ikiwa ndani. Kwa Python, mistari miwili mwanzoni inatosha:

```
import ctypes
ctypes.CDLL(None).prctl(67, 1, 0, 0, 0)
```

67 ni namba ya `PR_SET_MEMORY_MERGE`. Ikirudisha 0 imekubaliwa. Ikirudisha -1, kerneli haiutambui wito huo, ama kwa uzee au kwa kuwa ilijengwa bila KSM. Thibitisha kwa `grep CONFIG_KSM /boot/config-$(uname -r)`.

Watu huniuliza kama wanaweza kuuruhusu mchakato ambao tayari unakimbia, kutoka nje. Kwa `prctl` haiwezekani. Mchakato hujiombea wenyewe, au hurithi kwa mzazi aliyeuanzisha. Panga saa ya kuuanzisha upya, na mwambie mteja mapema.

## Dalili: ksmd inakula prosesa

Fungua `top`. ksmd ikiwa kwenye asilimia chache, iache. Ikishikilia kiini kizima kwa saa nyingi, kuna sababu.

Mara nyingi mtu alisoma mahali kwamba kuongeza `pages_to_scan` kunaharakisha, akaandika 5000 huku `sleep_millisecs` ikiwa 20 au pungufu. Rudisha 100 na 20, uangalie tena baada ya nusu saa. Kama `ksmtuned` iko kazini, namba hizo itazipanga yenyewe kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo utakachoandika kwa mkono kitafutwa. Hariri `/etc/ksmtuned.conf` badala yake.

Ikiwa namba ni za kawaida na bado inakula, linganisha `pages_unshared` na `pages_sharing`. Ya kwanza ikiwa mara nyingi zaidi ya ya pili, umeruhusu michakato isiyofanana. Hapa ndipo udhibiti wa mchakato mmoja mmoja unapolipa. Soma `ksm_stat` za wote walioruhusiwa:

```
for p in $(pgrep -f booking); do echo $p; sudo cat /proc/$p/ksm_stat; done
```

Tuchukue mfano wa mchakato unaoonyesha hivi:

```
ksm_rmap_items 512000
ksm_merging_pages 1200
ksm_process_profit -27852800
```

Kerneli huweka kumbukumbu ndogo ya baiti 64, kwenye mashine za biti 64, kwa kila ukurasa inaoufuatilia. Hapa inafuatilia kurasa 512,000, na hiyo peke yake ni baiti 32,768,000. Imeunganisha kurasa 1,200, yaani baiti 4,915,200. Hasara ni karibu MiB 27, na juu yake umeme na prosesa vimetumika. Kanuni ya haraka: `ksm_rmap_items` ukigawa kwa `ksm_merging_pages` ikizidi 64, mchakato huo haustahili kuruhusiwa. Uondoe: `MemoryKSM=no`, anzisha upya huduma, pima tena. Mstari wa `ksm_process_profit` haupo kwenye kerneli za zamani, ila hesabu unaweza kuifanya kwa karatasi.

Nani hufaa na nani hafai? Wafanyakazi wengi wa programu moja ya Python au PHP, kila mmoja akiwa na maktaba zilezile kichwani, mara nyingi hufaa. Mashine pepe nne za Windows za toleo moja hufaa. Programu ya Java yenye kurasa zinazobadilika kila nukta huishia kwenye `pages_volatile`. InnoDB ya MySQL inaruhusika kiufundi, lakini data ya wateja haifanani na data nyingine, kwa hiyo utakagua sana na kuokoa kidogo.

Kuanzia kerneli 6.7 kuna `smart_scan`, inayoruka kurasa ambazo zimeshindikana kuunganishwa mara kwa mara. Iache imewaka.

## Dalili: kumbukumbu imejaa ghafla na mchakato mkubwa umeuawa

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza kazi za siku nzima.

Kumbukumbu iliyookolewa na KSM ni ya kuazima. Kila mshirika ana haki ya kudai nakala yake kwa kuandika tu, na kerneli haiwezi kumkatalia. Kwa hiyo seva yenye GB 32 inayobeba mashine pepe zilizoahidiwa jumla ya GB 40 iko salama siku zote ambazo mashine hizo zinafanana, na haiko salama siku zinapoacha kufanana.

Zinaacha lini? Kisababishi cha kwanza ni masasisho. Mashine zote za Windows zimepangwa kujisasisha usiku uleule. Kila moja inaandika upya faili zake, kurasa zinapishana, nakala zinadaiwa kwa mkupuo. Cha pili ni siku ya kazi nyingi: Julai, wakala anafungua safari mpya, hoteli zinathibitisha, kila mtu yuko kwenye mfumo. Cha tatu kinadanganya zaidi. Mashine pepe iliyowaka sasa hivi ina kurasa nyingi zilizojaa sifuri, na Windows huzijaza sifuri kurasa zake huru. Zote zinafanana, KSM inazimeza, na mwenye seva anaona GB nyingi "zimebaki". Anaongeza mashine ya sita. Wiki ikipita kurasa zile zimejaa data.

Hakiki kwanza kwamba ni hicho:

```
journalctl -k | grep -i "out of memory"
```

Ukiona mstari wa mchakato kuuawa, linganisha saa yake na saa ya masasisho au ya msongamano. Kisha hesabu deni: `pages_sharing` mara 4096. Ikiwa ni 1,310,720, deni ni GiB 5 kamili. Linganisha na safu ya `available` kwenye `free -m` pamoja na swopu (nafasi ya diski inayosaidia RAM) iliyobaki. Deni likizidi, uko ukingoni, hata kama leo kila kitu kinakimbia.

Tiba, kwa mpangilio wa urahisi: tawanya saa za masasisho, mashine moja kwa usiku. Punguza RAM iliyoahidiwa kwa zile mashine ambazo hakuna anayekumbuka kazi yake, au zizime kabisa. Hakikisha swopu ipo; kurasa za KSM zinaweza kwenda swopu tangu kerneli 2.6.33. Kisha toa kwenye KSM mchakato ambao hautaki uuawe wala kuyumba, kwa kawaida uhasibu, na uupe RAM yake halisi isiyoahidiwa mwingine. Mwisho, nunua RAM. Najua bei, na najua za seva za zamani mara nyingine ni mpaka ziagizwe Dar au Nairobi, lakini hakuna mpangilio unaogeuza GB 32 kuwa 40 kwa kudumu.

Onyo. Usiandike 2 kwenye `run` ukiwa katika hali hii. 0 inasimamisha ukaguzi na kuacha kurasa zilizoungana kama zilivyo. 2 inasimamisha na kutenganisha zote papo hapo, na deni lote linadaiwa sekunde hiyo. Nimeona seva ya ofisi iliyokuwa nzito tu ikageuka kuwa seva iliyolala, kwa sababu ya tarakimu hiyo moja. Kumtoa mchakato mmoja, kwa `MADV_UNMERGEABLE` au kwa `prctl` ya 0, nako kunadai sehemu yake ya deni, hesabu kwanza.

## Dalili: mfumo mmoja unakwamakwama ingawa RAM ipo

Mtumiaji anasema skrini "inavuta pumzi". Sababu ya kawaida ni kuandika kwenye kurasa zilizoungana: kila uandishi wa kwanza unadai nakala, na kwa programu inayohitaji majibu ya haraka hilo linasikika. Ya pili ni kwamba KSM huvunja kurasa kubwa za moja kwa moja za MiB 2 ili kuunganisha vipande vyake, na programu inapoteza faida ya kurasa hizo. Toa mchakato huo peke yake, tazama siku moja ya kazi. Ukipona, umepata jibu.

Kwenye seva yenye soketi mbili za prosesa, angalia pia `merge_across_nodes`. Ikiwa 1, ukurasa unaweza kuwa umewekwa upande wa prosesa ya mbali. Kuibadilisha kuwa 0 kunakataliwa mpaka kusiwe na ukurasa uliounganishwa hata mmoja, maana yake upite kwanza kwenye ile 2 niliyoonya. Fanya usiku, mashine pepe zikiwa zimezimwa.

## Dalili: umeme umekatika, mipangilio yote imerudi ya zamani

Kilichoandikwa chini ya `/sys` huishi hadi mashine inapozimika. Wengi huenda kuandika kwenye `/etc/sysctl.conf`, haifanyi kazi, wanakata tamaa; faili hiyo inatawala `/proc/sys` tu. Tengeneza `/etc/tmpfiles.d/ksm.conf`:

```
w /sys/kernel/mm/ksm/run - - - - 1
w /sys/kernel/mm/ksm/pages_to_scan - - - - 100
```

Jaribu bila kuzima mashine kwa `sudo systemd-tmpfiles --create /etc/tmpfiles.d/ksm.conf`. Ruhusa za michakato zikae kwenye faili za huduma zao. Na kama `ksmtuned` ipo, chagua bwana mmoja: ama yeye, ama faili hii.

Baada ya umeme kurudi, mashine pepe zote zikiwaka pamoja, KSM inaanza kutoka sifuri huku kila mashine ikidai RAM yake yote. Seva iliyokuwa ikijibana kwa KSM inaweza isiwake kikamilifu asubuhi hiyo. Zipangie mashine kuwaka kwa kupishana, zenye umuhimu kwanza.

## Dalili: nimemtoa mmoja, bado anaonekana kuunganishwa

Kwa mashine pepe, kosa ni kuiwasha upya kutoka ndani. Mchakato wa QEMU hapo haujafa. Izime kabisa kisha uiwashe. Kwenye Proxmox za karibuni: `qm set 104 --allow-ksm 0`, ukiweka namba ya mashine yako. Kwa libvirt, weka `<nosharepages/>` ndani ya `<memoryBacking>`. Kwa QEMU ya mkono, `-machine mem-merge=off`.

Kwa huduma za kawaida, angalia kama programu inajiruhusu yenyewe kwa `madvise`. `MemoryKSM=no` haiizuii kufanya hivyo.

Sababu ya kumtoa mtu isiwe kasi tu. Kuandika kwenye ukurasa ulioungana huchukua muda mrefu kidogo kuliko ukurasa wa kawaida, na tofauti hiyo inapimika. Mwaka 2011 watafiti walishaonyesha kwamba mashine pepe moja inaweza kwa njia hiyo kujua jirani yake anaendesha programu gani. Mwaka 2016 watafiti wa Vrije Universiteit Amsterdam wakaenda mbali zaidi: kwa shambulio walilolipa jina la Flip Feng Shui waliunganisha KSM na hitilafu ya vifaa iitwayo Rowhammer, wakabadilisha kumbukumbu ya mashine jirani. VMware ilishazima kushirikisha kurasa kati ya mashine tofauti kama hali ya kawaida tangu 2014. Nyaraka za systemd zenyewe zinasema `MemoryKSM` iwashwe kwa kazi zilizo ndani ya mpaka mmoja wa usalama tu.

Kwa hiyo kama seva moja inabeba SACCOS mbili, au zahanati na duka la mtu mwingine, waache mbalimbali. RAM utakayookoa haitoshi kulipia siri ya mgonjwa.

## Wapi usimame na kumwita mtaalamu

Simama ukiona kwenye `journalctl -k` ujumbe wa EDAC, au unaoanza na `mce:`, au unaotaja hitilafu ya kumbukumbu ya vifaa. Hilo si suala la mipangilio, ni kipande cha RAM kinachokufa, na kwenye KSM ukurasa mmoja mbovu unawagusa wote wanaouegemea. Chukua bakapu, zima, mwite fundi wa vifaa.

Simama ikiwa hifadhidata imeuawa katikati ya kazi na sasa haiwaki, au inawaka na malalamiko. Usijaribu amri za kuirekebisha ulizookota mtandaoni. Nakili diski kwanza, kisha mwite anayeijua hifadhidata hiyo.

Simama pia ikiwa seva ina wateja zaidi ya mmoja na unashuku kuna aliyeingia kwa mwenzake. Usiizime wala kuiwasha upya, maana ushahidi uko kwenye RAM. Itenge kwenye mtandao na upige simu.

Utakapopiga, kuwa na lile faili la mwanzo, matokeo ya `ksm_stat` ya mchakato ulioathirika, mistari ya `journalctl -k` ya saa ile, na orodha ya nani aliahidiwa RAM kiasi gani. Fundi wa Njiro au wa Majengo Moshi akiwa na hivyo vinne mkononi anaweza kuanza kazi kabla hajapanda daladala.